Gharama ya Kuungana

Katika mambo yote ambayo binadamu huyasifu kwa ulimi na kuyakimbia kwa vitendo, kuungana ni la mbele. Hakuna hotuba isiyoutaja umoja, wala harusi isiyoombewa mapatano, wala msiba usiowakumbusha ndugu kuwa damu ni nzito kuliko maji. Walakini tukiyatazama maisha yetu tutaona kuwa wanaokutana ni wengi, na wanaoungana ni wachache. Tunapeana mikono sokoni, tunakaa mkeka mmoja matangani, tunasafiri katika gari moja toka alfajiri hadi magharibi. Kisha kila mtu hushika njia yake kama alivyokuja. Swali ninalotaka kulichungua katika insha hii ni hili: Ni kitu gani kinachogeuza kukutana kukawa kuungana? Na kitu hicho kikiwa na gharama, nani huilipa?

Swali hili ni la elimu ya maadili, na pengine msomaji atastaajabu nikimwambia kuwa sikuanza kulifikiri vema katika vitabu vya maadili. Nilianza kulifikiri katika elimu ya vitu visivyo na roho, nilipojifunza jinsi atomu mbili zinavyoweza kushikana mahali ambapo hapana kitu ila giza, baridi na upweke. Naomba basi anifuate kwanza huko mbali, kisha turudi nyumbani pamoja.

Baina ya nyota na nyota si patupu kabisa. Yako mawingu makubwa ya gesi na vumbi, mapana kiasi kwamba nuru huchukua miaka mingi kuyakata toka upande mmoja hadi wa pili. Lakini mawingu hayo, ingawa ni makubwa, ni membamba kupita hewa yoyote tuijuayo. Katika hewa tunayoivuta, kila mchemraba wa sentimita moja una molekuli zisizopungua 25 ikifuatwa na sifuri 18. Katika wingu zito la angani, mchemraba kama huo una molekuli yapata 10,000 tu. Na baridi yake ni kali mno: nyuzi kama 263 chini ya kipimo ambacho maji huganda. Molekuli ya hewa yetu hugongana na wenzake mara bilioni kadhaa katika sekunde moja. Ioni, yaani atomu au molekuli yenye chaji ya umeme, ikiwa ndani ya wingu lile huweza kusafiri yapata siku nzima kabla ya kukutana na mwenzi mmoja. Huo ndio upweke ninaousema.

Ioni ina tabia moja njema: huvuta. Chaji yake huivuta molekuli iliyo jirani hata kama molekuli hiyo haina chaji yoyote, na viwili hivyo huanza kukimbiliana. Hapa mtu wa haraka atasema, kazi imekwisha, waliotakana wamepatana. Si hivyo. Kadiri wanavyokaribiana ndivyo mwendo wao unavyozidi, na mwendo ule uliowaleta pamoja ndio ule ule utakaowatenga. Chukua gololi uiachie kwenye ukingo wa bakuli lililo laini. Itateremka kwa kasi hadi chini, lakini haitakaa chini. Itapanda ukingo wa pili. Kama bakuli lingekuwa halina msuguano hata kidogo, gololi ingefika juu palepale ilipoanzia na kutoka nje. Gololi zetu hutulia chini kwa sababu msuguano huiba nguvu yao kidogo kidogo. Huko angani msuguano haupo. Atomu mbili zilizovutana kwa nguvu nyingi hupitana kwa nguvu nyingi, na kila moja hurudi katika upweke wake kana kwamba haikumwona mwenziwe.

Kwa hiyo sheria ni hii, nayo haina huruma wala upendeleo: wawili hawawezi kushikana mpaka ile ziada ya nishati iliyozaliwa na kukaribiana kwao iwe imeondoka. Bila ya kuondoka ziada hiyo, mvuto peke yake, hata uwe mkubwa namna gani, hauungi kitu.

Ziada hiyo huondokaje? Iko njia nyepesi na iko njia ngumu. Njia nyepesi ni kuwapo wa tatu. Hapa duniani, ambako hewa ni nzito, wawili wanapogongana mara nyingi hutokea wa tatu akawagusa wakati ule ule, akaichukua ziada na kwenda nayo, akawaacha wametulia. Huyo wa tatu hapati faida yoyote ila kuongezewa mwendo. Sisi tunamjua mtu wa namna hiyo. Tunamwita mshenga katika ndoa na msuluhishi katika ugomvi: mzee anayesikiliza maneno makali ya upande huu na ya upande ule, akayachukua moyoni mwake, akaenda nayo kwake yakapoe huko. Lakini katika wingu la angani, ambamo kukutana kwa wawili tu ni jambo la siku nzima, kumngojea wa tatu afike katika sekunde ile ile ni kungojea lisilokuja.

Ikabaki njia ngumu. Wawili wenyewe, wakiwa peke yao, huitoa ziada yao kwa umbo la nuru. Punje moja ya nuru hutoka baina yao, huenda zake katika anga isiyo na mpaka, nao hubaki wameshikana. Mara nyingi si nuru ambayo jicho laweza kuiona, bali ni ya aina ile ambayo ngozi huihisi kama joto. Hata hivyo ni nuru. Wataalamu walianza zamani kupima kama njia hii yaweza kueleza molekuli zilizogunduliwa angani. Mwaka 1951 David Bates na Lyman Spitzer walichapisha hesabu zao juu ya jambo hili; na mwaka 1973 Eric Herbst na William Klemperer, na katika mwaka ule ule John Black na Alexander Dalgarno, walionyesha jinsi ioni zinavyoweza kuwa wajenzi wakuu wa molekuli za mawinguni. Katika mfano mmoja mashuhuri ioni ya kaboni hukutana na molekuli ya haidrojeni, nuru hutoka, na kutoka katika muungano huo mmoja huanza mnyororo mrefu wa viungo vya kaboni.

Njia hii ni ngumu kwa sababu ya wakati. Atomu mbili zikikutana, hukaa karibu kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nuru nayo haina haraka hiyo. Hata ile itokayo upesi huhitaji muda unaozidi huo mara 100,000. Basi katika makutano 100,000 huenda mamoja tu yakazaa muungano, na mara nyingi hali ni ngumu kuliko hiyo kwa mbali sana. Lakini yako mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni ukubwa wa molekuli: yenye viungo vingi huipokea ziada ikaizungusha toka kiungo hiki hadi kile, kama neno zito linavyozunguka katika nyumba yenye vyumba vingi kabla ya kutafuta mlango, na katika kuchelewa huko nuru hupata nafasi ya kutoka. La pili ni ubaridi: wanaokaribiana kwa mwendo wa pole hukaa pamoja muda mrefu kuliko wanaokaribiana kwa kishindo. Mambo haya yote mawili maana yake ni moja: mwenye kuchelewa kutengana ana tamaa ya kuungana.

Sasa nije kwenye sehemu ya habari hii iliyonishughulisha kuliko zote. Ulimwengu ulipokuwa mchanga haukuwa na vumbi, wala kaboni, wala oksijeni. Ulikuwa na haidrojeni na heli, na vitu vingine vichache sana vilivyo vyepesi. Joto lilipopungua hadi chini ya nyuzi 4,000 hivi, heli ndiyo iliyotangulia kuzipata elektroni zake zote na kuwa atomu kamili. Heli ni gesi ya kujitenga. Katika maisha ya kawaida haishirikiani na yeyote. Hata hivyo atomu ya heli ilikutana na protoni, yaani haidrojeni iliyokosa elektroni yake, nuru ikatoka, na ukafungika muungano wa kwanza wa atomu katika historia ya vitu vyote. Kiungo hiki kiliwahi kutengenezwa katika maabara mwaka 1925 na T. R. Hogness na E. G. Lunn, lakini angani kilitafutwa kwa miaka mingi bila ya kuonekana. Mwaka 2019 Rolf Güsten na wenzake walitangaza kuwa wamekiona katika wingu liitwalo NGC 7027, kwa darubini ya SOFIA iliyokuwa ikirushwa ndani ya ndege, ambayo safari zake zilikwisha mwaka 2022.

Muungano ule wa kwanza haukudumu. Atomu ya haidrojeni ilikuja ikaichukua protoni, heli ikarudi katika upweke wake. Lakini kwa njia hiyo, na kwa njia nyingine ambayo elektroni hushikana na haidrojeni kwa kutoa nuru, zilipatikana molekuli za haidrojeni. Na hizo ndizo zilizoyapoza mawingu ya kale yakaweza kujikusanya na kuwa nyota za kwanza. Nyota zikapika kaboni na oksijeni. Zikafa, na katika mabaki yao likatokea vumbi. Leo hii, katika kundi letu la nyota, molekuli nyingi za haidrojeni huundwa juu ya chembe za vumbi: atomu mbili hukutana juu ya chembe, nayo chembe huipokea sehemu kubwa ya ziada yao. Vumbi ndilo wa tatu. Vumbi ndilo mshenga.

Tazama basi mpango wa mambo ulivyo. Wasuluhishi hawakuwapo tangu mwanzo. Walizaliwa na uzao wa wale waliopatana bila ya msuluhishi. Kama kila wawili wa kale wangesema, hatuungani mpaka aje wa tatu, wa tatu asingalikuja kamwe.

Hapa najua msomaji mwenye akili atanizuia, na ana haki ya kunizuia. Ataniambia: Atomu haichagui. Haina haya, wala majuto, wala huruma. Ile moja iliyoungana katika 100,000 haikuwa na wema kuliko zile zilizopitana. Tena, ukianza kuchuma maadili katika maumbile, utachuma nini kwa mwewe na kifaranga? Utasema kuwa mwenye kucha ana haki ya kumnyakua asiye nazo? Watu wengi wakatili wamewahi kuyatolea maumbile ushahidi wa ukatili wao.

Pingamizi hii ni ya kweli, nami siipingi. Maumbile hayaamuru. Katika elimu yote ya atomu hakuna mstari hata mmoja unaosema kuwa yafaa kuungana. Yako mambo mengi ambayo ni heri yasiungane. Amri hutoka kwetu, katika dhamiri na katika mapatano yetu sisi watu. Lakini baina ya kuamuru na kunyamaza liko jambo la tatu, nalo ni kutaja gharama. Mwenye duka hanilazimishi kununua nguo; huniambia bei yake tu. Nikisha kuchagua kununua, siwezi kujifanya kuwa sikuisikia bei. Vivyo hivyo maumbile hayakuniambia niungane na ndugu yangu. Yalinieleza bei, na ikawa vigumu kwangu kujidanganya kuwa nataka kuungana huku nimeishika ziada yangu kwa mikono miwili.

Nasema ndugu yangu, na sikusema kwa mfano tu. Baba yetu alipofariki alituachia shamba la minazi, kaka yangu na mimi. Kaka alikuwa amemuuguza baba kwa muda mrefu na kutumia mali yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mbali katika kazi. Ulipofika wakati wa kugawana, yeye alihesabu gharama zake, mimi nikahesabu minazi yangu. Hesabu hazikulingana. Katika maneno ya siku ile alitamka neno la kunitoa katika uzao wa baba, nami nikamjibu neno ambalo sitaliandika. Katika zama za nyuma jambo kama hilo lingalipelekwa kwa baba yetu mkubwa, ambaye alikuwa mtu wa kumeza maneno ya watu wawili na kutoa moja. Lakini baba mkubwa alikuwa amekwisha kutangulia, na mjomba naye alikuwa ametangulia, na wazee waliobaki walikuwa ama wa upande wake ama wa upande wangu. Kwa miaka sita tulikutana mazikoni na harusini. Tulisalimiana kwa adabu. Damu ilituvuta, na kila ilipotuvuta tulipitana kwa kasi ile ile iliyotuleta.

Siku moja tulikuwa matangani. Alfajiri watu wengine walikuwa wamelala au wamekwenda msikitini, tukajikuta wawili juu ya mkeka mmoja, hapana wa tatu. Mimi nilikwisha kushika viatu vyangu ili niondoke. Kaka akasema, bila ya kunitazama, "Mdogo wangu, neno nililolisema siku ile la kukutoa kwa baba, nimeliondoa. Lilikuwa la uwongo nilipolisema."

Sikujibu upesi. Kitu kimoja ndani yangu kilisema: Angoje. Amechelewa miaka sita, naye angoje. Na nilijua, kama mtu ajuavyo kuwa chombo kinang'oa nanga, kuwa nikikisikiliza kitu hicho, wakati ule utapita na hautarudi. Nikaviweka viatu chini nikamwambia, "Kaka, na mimi la kwangu nimeliondoa."

Hatukusema zaidi ya hayo. Baadaye, mwezi haujaisha, tulikwenda shambani tukahesabu minazi mnazi kwa mnazi, tukahesabu na gharama zake shilingi kwa shilingi. Minazi 14 aliyokuwa akiivuna ilionekana kuwa yangu, nayo ikarudi kwangu. Gharama zake zilionekana kuwa za haki, nami nikalipa nusu. Naeleza jambo hili kwa makusudi, kwa sababu liko kosa kubwa ambalo wahubiri wa umoja hulifanya, na wenye nguvu hulipenda sana.

Kosa hilo ni kumwambia aliyedhulumiwa kuwa gharama ya kuungana ni haki yake. Mke aliyepigwa huambiwa asamehe. Mfanyakazi aliyepunjwa huambiwa asiharibu umoja. Na kila anyamazapo husifiwa kwa subira. Sivyo nilivyojifunza katika atomu. Heli iliposhikana na haidrojeni haikutoa kiini chake. Ilibaki heli, na haidrojeni ilibaki haidrojeni. Kilichotoka ni ile ziada tu, ile nguvu ya mwendo isiyokuwa ya huyu wala ya yule, iliyozaliwa katika kukaribiana kwao. Haki ya mtu ni kiini chake. Hasira yake, fahari yake, na ile ladha ya kumwona mwenziwe akijutia, hizo ni ziada. Anayedai kiini cha mwenziwe kwa jina la umoja hataki kuungana, bali anataka kumeza. Na anayeikataa ziada isitoke, akiiita haki, hatapata umoja wala haki, maana mimi nilipokuwa na hasira yangu yote sikuwa na mnazi hata mmoja katika ile 14.

Liko na jambo jingine. Nuru iliyotoka hairudi. Ikiwa nuru nyingine yenye nguvu ya kutosha itaingia katika molekuli, muungano huvunjika. Mlango wa kuunganisha ndio mlango wa kutenganisha. Kwa hiyo kutoa si kukopesha. Yuko mtu anayesamehe kwa kuandika daftarini, na kila mwaka hulifungua daftari na kusoma kwa sauti alichosamehe. Mtu huyo hakutoa nuru. Aliiweka mfukoni ili aje kuivunjia nyumba siku atakapotaka.

Nani basi hulipa gharama? Nimeuliza swali hili mwanzoni, na jibu langu ni kuwa huulizwa vibaya. Punje ile ya nuru haitoki kwa mmoja wao ila hutoka kwa wote wawili kama kitu kimoja. Miaka sita kaka na mimi tulibishana kimoyomoyo juu ya nani aanze, kana kwamba joto lililokuwa baina yetu lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa letu sote. Ni kweli kuwa kaka ndiye aliyetangulia kusema, na kwa hilo namheshimu hadi leo kuliko kwa umri wake. Lakini neno lake peke yake lingalipotea hewani kama nisingaliviweka viatu chini.

Sasa kaka na mimi tumekuwa wazee, na vijana wa ukoo wakigombana huletwa kwetu. Tunakaa wawili tukawasikiliza, tukayameza maneno yao, wakaenda zao wamepoa. Wao hudhani tulizaliwa wasuluhishi. Mimi, kila wanapoondoka, huukumbuka ule mkeka na ile alfajiri ambayo hapakuwa na wa tatu.